Ijumaa za Bwawa la Nne

Jumatatu, 4 Januari
Daftari hili nimepewa leo na msimamizi. Mbele ni la bwawa la nne: tarehe, uzito, waliokufa. Nyuma kurasa ni nyeupe, nikaona niligeuze niandike yangu. Shule yangu iliishia msingi, ila mwandiko wangu unasomeka.

Msimamizi tunamwita Mizani, akiwa hayupo. Kwake kila kitu ni uzito. Asubuhi alinisimamisha ukingoni akasema, "Mama Donge, humu mna samaki elfu tatu. Ukiwafikisha mavuno, kazi ni yako na chumba ni chako. Ukiwapoteza, usije kunililia."

Chumba ni hiki kilichopakana na stoo ya chakula cha samaki. Dirisha moja, sakafu ya saruji, mlango unaofungwa kwa ndani. Mwaka mzima mimi na mwanangu tumelala sebuleni kwa watu, baba yake akihangaika na vibarua vya ujenzi huko mbali. Donge ana miezi minane na hajawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu anayeturuka kwenda chooni.

Wifi yangu amekuja kunilelea mtoto. Alikitazama chumba pembe hadi pembe, akasema, "Humu tutagombana kwa zamu, wote kwa pamoja hatutaenea."

Ijumaa, 8 Januari
Leo ndiyo nimejua kupima. Kila Ijumaa ni lazima, ndiyo sheria ya Mizani. Mimi na mlinzi wa lango tunashika wavu, huyu huku na yule kule, tunaukokota bwawa zima, tunawabana samaki kwenye kona mpaka maji yanachemka kwa mikia. Tunachota mia moja, tunapima, tunarudisha. Wastani gramu mia na themanini. Mmoja alinichoma kidole kwa mwiba wake wa mgongoni.

Bwawa la tano, jirani yangu, ni la mtu anayeitwa Kesho. Umwagize nini, jibu lake ndilo hilo. Tulipomaliza, yeye alikuwa ameshaandika namba zake na amelala, kofia usoni. Anasema hupima alfajiri peke yake, ncha moja ya wavu akiifunga kwenye kigingi.

"Kaka, unaiwezaje peke yako?"

"Kazi haikimbiwi, dada. Inazungukwa."

Jumanne, 12 Januari
Joto. Maji yamepungua kiganja kizima.

Ijumaa, 15 Januari
Kupima. Mia na tisini na tano. Yumo mmoja mwenye alama nyekundu ubavuni kama aliyechapwa. Kidole bado kinauma.

Jumapili, 17 Januari
Wawili wamekufa. Macho yamewatoka kama shanga. Nimewafukia nyuma ya stoo na sikumwambia mtu.

Jumanne, 19 Januari
Sita. Ikabidi niseme. Mizani alinipa mfuko wa chumvi: wenye vidonda niwatoe, niwaweke kwenye beseni la maji ya chumvi dakika kumi, niwarudishe. Alisema mara moja kwa wiki inatosha. Mimi nimeamua kila siku. Mgonjwa haachwi hivi hivi.

Nimeanza leo leo. Nimekokota wavu, nimewachagua mmoja mmoja. Wengine hutetemeka mkononi mpaka huruma inanishika.

Wifi alinikuta nimelowa hadi kifuani. "Hivi wifi, umeolewa na kaka yangu au na hao samaki?"

"Kaka yako akitoka vidonda, nitamwogesha pia."

"Yeye ukimtia kwenye beseni, atakimbia na beseni lenyewe."

Ijumaa, 22 Januari
Kupima. Mia na tisini. Wameshuka. Mizani alirudia kupima mwenyewe mara tatu, kama anayetaka kuutia uzito aibu ili uongezeke. Kisha akasema, "Wanakula chakula changu halafu wanakonda. Kuanzia sasa, wewe utapima Jumatatu na Ijumaa."

Bwawa la tano, mia mbili na kumi. Waliokufa, hakuna.

Jumatatu, 25 Januari
Kupima. Mia na themanini na saba. Kumi na wanne wamekufa.

Zamani nikigonga ndoo walikuja mbio kupokea chakula, midomo juu. Sasa nikigonga wanatawanyika. Kivuli changu tu kikiangukia maji, bwawa zima linashtuka. Chakula kinaelea mpaka kinalainika.

Jumatano, 27 Januari
Kumi na saba. Mchana nilimwamsha Donge mara tatu kuona kama anapumua. Wifi akanipokonya mtoto. "Mtoto analala, wewe unamfufua. Mwache." Maziwa yamepungua. Kidole kimetunga usaha, nakikamua, kinajaa tena.

Ijumaa, 29 Januari
Kupima. Sitaki kuandika uzito. Waliokufa, ishirini na wawili.

Maji yetu yanatoka mfereji mmoja. Vifaranga vya samaki vililetwa siku moja. Chakula tunachota gunia moja. Kwa nini wa Kesho hawafi? Mimi sikai chini tangu alfajiri, yeye hainuki. Nimepata wazo kwamba wanakufa, anawafukia kwa siri. Na niandike ukweli kwa kuwa hili daftari upande huu ni langu: nimetamani wafe.

Jumamosi, 30 Januari
Asubuhi na mapema nilizunguka nyuma ya kibanda cha Kesho kutafuta udongo uliochimbwa. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na wavu wake, unaning'inia msumarini, mkavu kama kuni. Juu yake nyigu wa udongo wamejenga vyumba vitano. Nyigu hawajengi juu ya kitu kinachoshikwa kila Ijumaa.

Nilipogeuka alikuwa amesimama, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona kichwa. Ana mvi.

"Umeona," alisema.

"Hujawahi kupima hata siku moja?"

"Msimu huu, hapana."

"Na zile namba?"

"Naziongeza kidogo kidogo. Gramu kumi kwa wiki, tano nikiwa sina furaha."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumsukumia majini. Nikamwambia mimi nalia kila siku na yeye anatunga. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema msimu wa juzi alipima kweli, na kila alipopima Ijumaa, Jumamosi samaki hawakula. Alimweleza Mizani. Mizani akamjibu kwamba samaki hawana Jumamosi.

"Nikaona kubishana naye ni kazi ya mwaka. Kuandika namba ni dakika moja. Ukisema, Mama Donge, mimi nimekwisha. Kwa umri huu nani atanipa bwawa?"

Nilirudi kwangu nikakuta ishirini na wanne wanaelea. Nikachukua wavu nikawaogeshe wengine, maana ndilo ninalolijua.

Jumanne, 2 Februari
Amekuja daktari wa samaki. Nilitarajia mzee mwenye miwani, kumbe ni msichana wa rika langu, anatafuna karanga, viatu mkononi. Alikaa ukingoni muda mrefu haguswi na haraka. Kisha akaomba samaki aliyekufa muda huo huo, akampasua juu ya ubao wangu wa kukatia. Alinionyesha bandama iliyovimba na maji tumboni, akatia vipande kwenye vichupa vya kupeleka maabara.

"Ni bakteria," alisema. "Lakini vijidudu hivi vimo majini siku zote. Vimo humu, vimo la tano, vimo hata mferejini. Samaki mzima huishi navyo kama mtu anavyoishi na jirani mchokozi. Mimi siulizi vimetoka wapi. Nauliza ni nani aliyevifungulia mlango."

Mizani akasema mlango gani.

"Samaki akishtuka, damu yake hujaa homoni inayoitwa kotisoli. Hata wewe bosi unayo. Inakusanya nguvu zote za mwili zisaidie kukimbia. Ikija na kuondoka, haina neno. Ikikaa siku baada ya siku, inakula kinga. Chembe za kupigana na vijidudu zinapungua, tumbo linakataa chakula. Ni kama nyumba iliyowatuma walinzi wake wote wakakimbize mwizi ambaye hayupo. Mlango wa nyuma nani anaulinda?"

Akauliza samaki hawa hushikwa mara ngapi. Nikasema ninavyofanya, kila siku, kwa ajili ya chumvi. Nilisema kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe. Akaacha kutafuna.

Kisha akaniomba mkono. "Kidonda hiki kina siku ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Unalala?"

"Silali, nasikiliza."

"Basi wewe utanielewa kuliko huyu." Akasema kidole changu na bwawa langu vinaumwa ugonjwa wa aina moja, vyote havipewi nafasi ya kupona. Dawa ya samaki ipo, inachanganywa kwenye chakula, lakini mwenye hofu hali, na asiyekula hapati dawa. Kwanza waachwe. Wavu usiingie. Maji mapya yaongezwe taratibu. Siku kumi na nne.

Mizani akafungua daftari la bwawa la tano akaliweka juu ya ubao, pale pale kwenye damu. "Daktari, hili nalo linapimwa kila Ijumaa. Soma. Hakuna aliyekufa. Kama wavu unaua, mbona hauui hapa? Tatizo ni bwawa, au ni mtu." Hakunitazama. "Ijumaa tunawatoa wote. Tunawahamishia la saba, na hili tunalikausha."

"Ukiwabeba walivyo hivi, nusu hawatafika."

"Kwa ushahidi gani?"

Daktari alisoma lile daftari la Kesho, ukurasa kwa ukurasa. "Kwa daftari hili," akasema polepole, "sina."

Kesho alikuwa nyuma yetu, anazungusha kofia. Mimi nilikuwa na ushahidi mdomoni, nikaumeza. Andika na hilo.

Alhamisi, 4 Februari
Leo sikuingiza wavu. Mikono iliwasha. Ishirini na wanane.

Nimemwendea Kesho. Nikamwambia jina lake halitatoka kwangu, lakini kesho saa mbili nitasema niliyoyafanya mimi, na najua halitatosha.

"Una mtoto mdogo," akasema. "Ungeweza kuniuza, ningeelewa."

"Nikikuuza, nitamlisha nini mwanangu? Chuki?"

Akavuta kofia usoni. "Rudi nyumbani, dada. Niache nilale." Hakuwa amelala.

Ijumaa, 5 Februari
Vibarua wanne, mapipa manane ya maji, nyavu mbili. Mizani ana saa mkononi. Daktari naye alikuja, karatasi ya majibu mkononi. Maabara wamesema ni vijidudu vile vile alivyosema. Mizani akajibu kwamba jina la ugonjwa halibadilishi ratiba.

Kibarua wa kwanza alikuwa ameshatia mguu majini. Nikasikia sauti yangu. "Bosi, subiri."

Akageuka.

"Waliokufa humu nimewaua mimi. Ulisema chumvi mara moja kwa wiki. Mimi niliwakokota kila siku, siku kumi na sita, na siku za kupima mara mbili. Nilidhani nawauguza. Nilikuwa nawatisha. Jana sikuingiza wavu, na leo ndiyo asubuhi ya kwanza nimeona wachache wakija juu nilipokaribia. Kama ni kunifukuza, nifukuze mimi. Wao waache walipo."

Wifi alikuwa mlangoni na Donge mgongoni. Hakunitania.

Mizani akauliza nilichokuwa nakiogopa. "Na la tano je? La tano nalo linakokotwa."

Nilikuwa nimeahidi. Nikatazama miguu yangu. Kibarua akauliza aingie au atoke, maana maji yana matope.

Ndipo Kesho alipotokea, wavu wake begani. Akautupa mbele ya Mizani. Vyumba vya nyigu vikapasuka, udongo mkavu ukamwagika juu ya viatu vya msimamizi.

"La tano halijaguswa tangu vifaranga viingie," alisema. "Namba ni zangu. Samaki wakishikwa hawali. Nilikwambia msimu wa juzi, hukusikia, nikaamua kukuandikia unachopenda kusoma."

"Umenidanganya wiki kumi na tano."

"Kumi na sita, bosi. Ile ya kwanza ulikuwa safarini."

Kibarua mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Daktari hakucheka. "Sasa," akasema, "ushahidi ninao."

Mizani aliutazama ule wavu kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama mzani. Akawaambia vibarua wamwage mapipa. Kwangu akasema, "Siku kumi na nne. Sipunguzi, siongezi. Wasipopona, wewe na chumba mtaagana." Kwa Kesho akasema hana bwawa tena, achukue jembe, mifereji imejaa matope.

Kesho akavaa kofia. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akianza kazi siku ile ile aliyoagizwa.

Jumamosi, 6 Februari
Thelathini na mmoja. Nawaokota waliosukumwa ukingoni na upepo tu. Sigusi maji.

Jumanne, 9 Februari
Thelathini na watatu. Wamezidi, si wamepungua. Daktari alinionya: waliokwisha kuumwa watakufa kwanza, usikubali mkono ukutume. Mkono unanituma. Mmoja mwenye kidonda alikuja kabisa miguuni pangu, wa kuokota hivi, na beseni liko nyuma yangu. Niliikunja mikono kwapani nikalia. Mizani alikuwa ng'ambo, ananihesabia machozi.

Alhamisi, 11 Februari
Kesho alikuja kutoka mferejini, matope hadi magotini, nikampa chai. Akaniuliza nalishaje. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa.

"Unamwaga kama unamfukuza kuku. Kaa kwanza. Kona moja, saa moja, nguo ile ile. Wakuzoee kama jiwe. Ukishakuwa jiwe, ndipo utupe punje, chache."

Kumbe kule kulala kwake ukingoni kulikuwa ndiko kuwa jiwe. Ingawa kulala nako alikuwa analala.

Ijumaa, 12 Februari
Ijumaa ya kwanza bila kupima. Mizani alikuja na mzani mkononi, akasimama, akarudi nao. Pale mbele ya daftari pako wazi. Ishirini na tisa.

Jumamosi, 13 Februari
Saba wamekuja kula. Niliwahesabu midomo. Sikumwita mtu, niliogopa hata kumeza mate.

Jumapili, 14 Februari
Wengi zaidi. Daktari amenipigia simu, amesema leo tuanze dawa kwenye chakula, na akasema neno nililolishika: "Mlo wao ndio mzani wako." Ishirini na sita.

Jumatano, 17 Februari
Kumi na wawili. Joto lile lile, maji yale yale. Donge alilala mchana kutwa na sikumwamsha. Nilikaa tu pembeni yake. Nikawa jiwe.

Ijumaa, 19 Februari
Siku ya kumi na nne. Watano.

Mizani alikaa nami ukingoni, suruali yake nzuri kwenye vumbi. Nikagonga ndoo taratibu. Bwawa likafunguka midomo kila mahali, maji yakawa kama yanapigwa na mvua ya matone makubwa. Alitaka kusimama aone vizuri. Nikamshika mkono wa shati. "Kaa, bosi. Utawashtua." Akakaa. Nimemwamrisha Mizani na mbingu hazijaanguka.

Hakusema kuhusu chumba. Aliinuka akaondoka kwa ncha za vidole.

Jumatano, 24 Februari
Mmoja. Kidole kimefunga. Imebaki alama nyeupe.

Jumatatu, 1 Machi
Hakuna.

Jumatatu, 8 Machi
Mvua. Wifi ameweka sufuria tatu chini ya bati na anasema chumba kimepata muziki.

Ijumaa, 19 Machi
Mavuno. Daktari amehesabu siku, dawa imeshatoka mwilini mwao, wanafaa kuliwa. Wavu umeingia mara moja tu, ya mwisho, na tulioushika ni mimi na Kesho. Mizani alimwita mwenyewe kutoka mferejini, akamwambia, "Njoo upime, angalau mara moja kabla hujazeeka."

Bwawa langu limetoa elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Wembamba, gramu mia mbili na hamsini. La tano wametoka gramu mia tatu na arobaini. Daftari la Kesho, kwa namba zake za kutunga, lilikuwa limesimama mia mbili na ishirini alipoondolewa. Mizani akaongeza gramu kumi za kila wiki tangu siku ile, akapiga tena, bado hazikufika. "Kwa hiyo hata uongo wako ulikuwa unanipunja."

"Sikutaka kuwa na tamaa, bosi."

Nimewaza wale mia sita na zaidi niliowafukia nyuma ya stoo. Kila mmoja nilimshika kwa upendo. Hilo nitalibeba, na sitalibeba kwa kujitesa, maana nimejifunza kujitesa kunafanya nini.

Ijumaa, 26 Machi
Juzi vimeletwa vifaranga vipya, vya bwawa la nne na la tano. Vilikuja kwenye mifuko ya plastiki iliyojaa hewa. Nilisema mifuko ielee majini kwanza, joto lilingane, ndipo tufungue. Hakuna aliyebisha. Kesho amerudishiwa la tano. Mimi hakuna aliyeniambia kitu, ila asubuhi fundi alikuja kuziba bati langu, anasema ametumwa na msimamizi.

Baadaye Mizani mwenyewe alikuja, na ilikuwa Ijumaa, na hakushika mzani. Alikaa kwenye kona yangu mpaka miguu ikamfa ganzi, akanitazama nikitupa punje. Kisha akaomba daftari hili, akalifungua upande wa mbele, kwenye nafasi ya uzito. Niliomba moyoni asije akaligeuza.

"Niandike nini hapa?" akauliza. "Siwezi kuacha wazi. Nitaumwa."

"Andika wamekula."

Akafikiri. Akaandika, kwa herufi kubwa, pale ambapo siku zote paliandikwa gramu: WAMEKULA.